Nyuma ya Uzio wa Bwawa

Jumatatu, 18 Machi

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ameniambia niandike. Ameniuliza, "Mama, umesoma?" Nikamwambia nilimaliza la saba. Akasema, "Inatosha. Madaktari hapa wamesoma mpaka wakachoka na mwandiko wao hausomeki." Kila siku niandike mtoto amefanya nini: amekohoa, amekunja kidole, amemeza. Hasa macho. Nipitishe kitu chekundu mbele yake, nitazame kama macho yanakifuata.

Mimi ni fundi cherehani, vipande vya vitambaa ndiyo mali yangu. Nimechukua kipande chekundu.

Leo: amemeza uji kidogo. Macho hayafuati.

Mvua ya kwanza imeanza kupiga bati la wodi. Binti yangu ana miaka sita na tunamwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hakupumzika tena. Mvua ikinyesha angeuliza inatoka kwa nani, na huyo mtu hachoki? Leo amelala chali, macho wazi, hajauliza kitu.

Jumanne, 19 Machi

Amekohoa. Macho hayafuati. Mvua.

Alhamisi, 21 Machi

Sikutaka kuiandika ile Jumamosi. Lakini leo muuguzi ameniuliza taratibu, "Kwani wewe mama ulikuwa wapi?" Na ni wa tatu sasa kuniuliza. Basi naandika, nisije nikaanza kuamini maneno ya watu.

Chiriku alikuwa ameahidiwa bwawa la kuogelea kwa kusoma kitabu chake cha kwanza mpaka mwisho. Nilimshonea kofia ya manjano ya kuogelea, ikamkaa kama ganda la yai. Baba yake alikuwa kazini. Nikaenda na watoto wangu wote wawili, Chiriku mkononi na mdogo wake, Kibonge, mgongoni.

Getini mlinzi akanizuia. "Mwenye kitoto cha kunyonya haingii ndani ya uzio. Ndiyo sheria ya hapa. Watoto wachanga wanachafua maji."

Nikasema, basi turudi nyumbani. Chiriku akanitazama kwa yale macho yake. Mlinzi akacheka: "Mwache binti aogelee, mama. Mwokoaji yupo, ana filimbi na kila kitu. Wewe kaa kwenye nyasi, utamwona kupitia wavu."

Kweli kulikuwa na mwanamume mwenye fulana nyekundu na filimbi shingoni. Nikakaa kwenye nyasi nje ya uzio, Kibonge nimemfunga kifuani kwa kanga, macho kwa ile kofia ya manjano. Upande wa pili wa bwawa walikuwa wanaandaa harusi. Muziki ulikuwa mkubwa, hata kifua changu kilikuwa kinatetemeka.

Sikuinamia simu, kama watu wanavyosema. Simu yangu ilikuwa imezima tangu asubuhi. Niliinamisha kichwa kumhamisha mtoto titi. Nilipoinua, ile kofia ilikuwa upande wa kina kirefu, inaelea peke yake.

Nilipiga kelele. Sikujisikia mwenyewe. Niliugonga uzio, nikapunga mikono, nikamtafuta mwenye fulana nyekundu, sikumwona. Nikamweka Kibonge kwenye nyasi, nikapanda wavu. Gauni likachanika kutoka kiunoni mpaka chini. Nilipofika ukingoni, mgeni mmoja wa harusi alikuwa ameshajitupa ndani na suti yake. Ndiye aliyemtoa. Muziki ulikuwa bado unapiga.

Ubongo ulikosa hewa, wakasema. Hawajui kwa muda gani.

Macho hayafuati.

Jumapili, 24 Machi

Mgeni wa kitanda cha jirani amesema ametoka kuogelea na wanawe. Nikamuuliza bwawa gani. Ni lilelile. Limefunguliwa. Nilidhani wangeona hata haya kidogo. Watoto wananunua tiketi na kuruka ndani ya maji yaleyale, na hakuna hata mtu aliyewaambia.

Jumanne, 26 Machi

Tumeruhusiwa nyumbani. Mume wangu, Baba Chiriku, alimbeba kwenye mvua, ameingiza kichwa cha mtoto ndani ya koti lake. Yeye ni fundi wa vigae, ana mikono ya kunyanyua mifuko ya saruji, lakini alitembea kama aliyebeba glasi iliyojaa.

Mama mkwe amekuja kukaa nasi, kusaidia. Amembusu mjukuu wake, akafuta machozi, akageuka.

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Mama, waliniweka nje ya uzio."

"Uzio!" akasema. "Mimi nimezaa saba, na sijawahi kuwekwa nje na uzio."

Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumanne, 2 Aprili

Amekunja kidole gumba cha kulia. Kibonge amemnyang'anya bibi yake miwani. Kicheko cha kwanza nyumba hii tangu turudi, na kilikuwa kifupi. Macho hayafuati.

Ijumaa, 5 Aprili

Mwenye bwawa, ambaye wote wanamwita Mkurugenzi, alikuja nikiwa nimempeleka Chiriku mazoezini. Alikuja na kikapu cha matunda na mwanasheria wake. Mama mkwe anamsifu mpaka sasa: mtu mpole, amevua viatu mlangoni, amekaa kwenye stuli, gharama za hospitali amezilipa. Na akasema jambo moja kwa upole wake huohuo: "Hatulaumu mtu. Mama naye ni binadamu, simu hizi zinatupoteza wote."

Kumbe ndiko neno la simu linakotoka!

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anakwangua saruji kwenye kucha.

"Umefanya nini, Baba Chiriku?"

"Nimetia saini."

"Saini ya nini?"

"Kwamba tumeyamaliza. Hatutamdai tena. Amenipa na kazi, Mama Chiriku. Vyumba vyote vya kubadilishia nguo, vigae vipya. Kazi ya msimu mzima."

"Kule? Pale pale bwawani?"

"Ningefanya nini? Mtoto anahitaji dawa. Mvua hizi nani anajenga?"

Nilikaa chini. Sakafuni, siyo kwenye kiti. Aliyesaini ni baba yake mwenyewe, anayempenda kuliko macho yake. Mama mkwe akasema tusipandishe sauti mbele ya mgonjwa. Mgonjwa alikuwa anatazama dari.

Jumatatu, 8 Aprili

Ameondoka alfajiri na vifaa vyake. Hatukuagana. Jioni amerudi ananuka ile dawa ya maji ya bwawa. Nimemwambia alale nje, yeye na shati lake.

Alhamisi, 11 Aprili

Mtaalamu wa mazoezi aliniona nalia nikimnyoosha mtoto mguu. Nikamweleza. Akanielekeza kwa wakili mmoja, mwanamke, anayesaidia watu wasio na uwezo. Nilikwenda leo na Chiriku mgongoni, Kibonge nimemwachia bibi yake.

Ofisi ni chumba kimoja juu ya duka la rangi. "Karibu mama, kaa," akasema. "Siyo hapo, hapo panavuja. Hapo pia. Haya, kaa kwenye kiti changu." Yeye akakaa kwenye dirisha.

Nikamwambia kwamba nimechelewa, baba ameshasaini, nimekuja tu kwa sababu miguu imenileta. Akauliza mtoto ana miaka mingapi. Akauliza, "Yeye amesaini?"

Nilidhani ananitania. "Mtoto wa miaka sita!"

"Ndiyo maana nauliza. Mume wako amesaini kwa nafsi yake. Madai yake yeye kama baba huenda ameyafunga, tutaona. Lakini aliyezama ni huyu. Haki yake ni yake, haimalizwi sebuleni na kikapu cha matunda. Makubaliano yoyote kwa niaba ya mtoto lazima mahakama iyapime, iseme ni ya haki kwake. Haijayapima. Basi."

Niliomba aseme tena. Akasema tena, polepole, bila kuchoka.

Kisha akachukua vikombe vya chai mezani akanipangia, kama mtu anayemfundisha mtoto. Kikombe kimoja ni polisi. Uzembe unaoumiza mtu unaweza kuwa jinai, na mwenye kosa akaadhibiwa, ila adhabu yake haimlipii Chiriku mazoezi. Kikombe cha pili ni mahakama ya madai, na hapo ndipo penye fidia: matibabu, mazoezi, mtu wa kumtunza, na maisha aliyokuwa ayapate. Mimi mama yake nitasimama kwa niaba yake. Cha tatu ni meza ya mazungumzo, na hata hayo lazima mahakama iyaone. "Huchagui kimoja tu," akasema. "Unaweza kunywa vyote. Lakini vinapoa. Sheria ina muda wake, na ushahidi una miguu."

Nikamuuliza, na kama mtoto angekuwa... Sikumalizia. Akasema familia za namna hiyo nazo zina njia yao, na wengi hawaijui, wanazika na kunyamaza. Akamtazama Chiriku akipumua mgongoni mwangu. "Wewe unaye. Shukuru, halafu tufanye kazi."

Alitaka vyeti vya hospitali. Alitaka haya maandishi yangu ya mazoezi. Akataka na gauni. "Lile lililochanika. Usilishone."

"Mimi ni fundi, mama wakili, nilikuwa nalionea aibu."

"Lionee aibu hivyohivyo. Usilishone, usilifue."

Mlangoni akanishika mkono. "Jambo moja likukae. Watauliza ulikuwa wapi. Wakithibitisha kwamba ulizembea, wanaweza kupunguziwa mzigo. Neno lako pekee ni neno la mama. Tafuta aliyekuona."

Nani aliniona? Watu wote walikuwa wanamtazama bi harusi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimemwambia Baba Chiriku kuhusu vikombe. Amechukua vifaa, amekwenda kazini. Macho hayafuati.

Jumatano, 17 Aprili

Amerudi kabla ya mchana, amelowa, sanduku la vifaa begani. Amekaa kizingitini mvua ikimpiga miguu.

"Nimeacha kazi."

"Umefukuzwa?"

"Nimeacha, Mama Chiriku. Sikia."

Msimamizi alimpa kibao kipya cha chuma, akifunge ukutani kando ya bwawa. Kimeandikwa kwamba wazazi wawe na watoto wao wakati wote, na uongozi hautawajibika kwa lolote. Halafu akamletea ndoo ya chai ya rangi nzito, na brashi. "Paka kibao, paka na ukuta kando yake. Kionekane cha zamani. Si wewe ndiye fundi?"

"Nikafunga skrubu ya kwanza," mume wangu akasema. "Nikashika ya pili. Ndipo nikasoma vizuri. Wazazi wawe na watoto wao! Na wewe walikuzuia getini. Nilikuwa karibu kumfungia mwanangu mlango kwa bisibisi yangu mwenyewe."

Sikujua nimkasirikie au nimshike. Nilimpa taulo.

Akajifuta uso, akaendelea. Wiki hii nzima amekuwa akila chakula cha mchana na yule mwenye filimbi. Ni mtu mzima, ana mvi. "Yule siyo mwokoaji. Ni fundi wa turubai. Jumamosi wanamvisha fulana nyekundu na filimbi kwa sababu watu wakiona fulana wanatulia. Kukiwa na sherehe anavua filimbi anakwenda kusimamisha hema. Hajui kuogelea."

"Sema tena."

"Hajui kuogelea. Ameniambia maji yakimfika kifuani anaona kizunguzungu."

Nilishika fremu ya mlango. Yaani hata angekuwepo asingeweza. Nilimwacha mtoto wangu kwa fulana.

"Atasema mahakamani?"

"Amesema ana watoto, ataharibikiwa. Nikamwambia, mimi pia nina watoto."

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu na Kibonge kiunoni. Alisikia yote. Alisema tu, "Hata hivyo, mama ni mama. Jicho la mama halina uzio," akaingia ndani. Ila usiku huu hakuniuliza.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua. Nimeshona sare za shule za watoto wa watu. Macho hayafuati.

Ijumaa, 26 Aprili

Leo amekuja bi harusi.

Sikumtambua. Msichana mwembamba, mwavuli umegeuka na upepo, amesimama mlangoni hataki kuingia. Akasema, "Dada, mimi ndiye niliyekuwa naolewa siku ile." Mama mkwe akamvuta ndani kwa mkono, maana mvua haingoji mtu ajieleze.

Aliketi ukingoni mwa kiti. Akasema hawakuambiwa. Sherehe iliendelea, mtu wa bwawa akawaambia mtoto ameteleza kidogo, yuko salama. Yule mgeni aliyejitupa na suti ni mjomba wake, hakutaka kumharibia siku, amemweleza juzi tu. Na wiki hii ndipo wamepewa filamu ya harusi.

"Dada, wewe upo ndani."

Akafungua kompyuta ndogo mapajani. Tulikaa tumebanana, mimi, Baba Chiriku, mama mkwe, na Chiriku amelala kwenye mkeka miguuni petu. Bi harusi akaondoa sauti.

Anaonekana yeye akiingia, gauni jeupe, anatembea polepole. Nyuma yake, bwawa. Kiti kirefu cha mwokoaji, cha kutazamia waogeleaji, hakipo ukingoni: wamekibeba mpaka kwenye harusi, wamekifunga riboni, juu yake wameweka spika. Pembeni, mwenye fulana nyekundu amekumbatia nguzo ya turubai kwa mikono yote miwili, mgongo kwa maji. Ukuta wa bwawa unaonekana mweupe, hauna kibao.

Na nyuma ya wavu kuna mwanamke. Mdomo wazi. Anapunga mikono yote.

Ni mimi. Sikuwahi kujiona hivyo.

Kwenye filamu bi harusi anageuka, anamwona yule mwanamke. Anatabasamu. Anainua mkono wenye maua, anampungia.

"Nilidhani unanishangilia," akasema, na akaanza kulia kwa sauti kama mtoto. "Nilidhani ni mama mmoja tu kafurahi kuona harusi. Nikakupungia, dada. Nilikupungia!"

Filamu ikaendelea. Mwanamke anamlaza mtoto kwenye nyasi, anapanda wavu, gauni linachanika, anaanguka upande wa ndani, anainuka. Kisha mpiga picha akamfuata bi harusi, nikatoka kwenye picha.

Baba Chiriku alikuwa amejiuma ngumi. Mama mkwe akasema, "Rudisha." Akatazama tena. Akasema, "Rudisha," mara nyingine. Alikuwa amesogeza miwani mpaka karibu iguse kioo.

Bi harusi akasema filamu ni yetu, tumpe wakili, na kama anatakiwa kusimama atasimama na mjomba wake. Nilimkumbatia. Kosa si lake, nikamwambia, na nilipolisema nikasikia kama namwambia na mtu mwingine, mwenye gauni lililochanika.

Jumamosi, 27 Aprili

Asubuhi nimemkuta mama mkwe ameshaosha nepi zote za Kibonge. Chai yangu ilikuwa imefunikwa.

Jumatatu, 20 Mei

Mahakamani, kwa kesi ya Chiriku ambayo wakili ameifungua.

Sikuwa na nguo. Jana mama mkwe alitoa sandukuni gauni lake la kutokea, akalirusha kitandani. "Lipunguze kiuno, wewe si fundi." Nililipunguza.

Nilidhani mahakama ina mbao za kung'aa. Ni chumba kama darasa, feni moja inazunguka na kulalamika. Mkurugenzi alikuwa mbele na mwanasheria wake. Nyuma, mlangoni, alisimama mtu mwenye mvi, amevaa shati jeupe. Sikumjua bila fulana nyekundu. Baba Chiriku alimsogezea nafasi kwenye benchi, akakaa.

Mwanasheria wao akaomba ile karatasi ya Baba Chiriku ikubaliwe, madai ya mtoto yaishie pale. Alisema vizuri, kwa sauti ya redio. Akasema mteja wake ni mtu wa huruma. Akasema ajali ni ajali. Halafu akageuka akanitazama.

"Na tusisahau swali ambalo kila mzazi hapa anajiuliza. Siku hiyo, mama wa mtoto alikuwa wapi?"

Wakili wangu alikuwa bado anainuka. Benchi la nyuma likalia kwii.

"Alikuwa nyuma ya uzio mliomwekea!"

Ni mama mkwe. Amesimama, mkoba kifuani, Kibonge kamshikilia ushungi.

"Bibi, tafadhali keti," jaji akasema.

"Nitaketi, mheshimiwa. Nimemuuliza mwenyewe swali hilohilo msimu mzima, ndani ya nyumba yake, na amenipikia. Sasa na hawa waliomzuia getini nao wanamuuliza? Nimemwona kwa macho yangu kwenye ile sinema. Huyu mtoto wangu aliruka uzio. Nimeketi."

Akaketi. Mtu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Jaji aliinamia karatasi zake kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Akamwambia mwanasheria wao kwamba swali lake litajibiwa kwa ushahidi, siku yake ikifika. Kisha akasoma uamuzi: karatasi iliyosainiwa nyumbani haina hata mstari mmoja juu ya matibabu ya mtoto ya baadaye, na yeye hawezi kuiita ya haki kwa mtoto. Haimfungi. Kesi ya Chiriku itasikilizwa. Filamu ipokelewe pamoja na mambo mengine wakati wa ushahidi.

Niliuliza, "Tumeshinda?" Wakili akasema, "Tumeingia mlangoni, mama. Ndani bado kuna safari. Lakini leo wamekosa kutufungia nje." Na mimi najua kuwa nje kukoje.

Tulirudi kwa miguu, mvua ikiwa nyepesi. Mama mkwe alitembea mbele yangu mpaka kwenye kona, kisha bila kugeuka akasema, "Hilo gauni baki nalo. Mimi limenibana."

Halikuwahi kumbana. Ni mimi niliyelipunguza jana, kwa kuambiwa na yeye.

Jumatano, 22 Mei

Mvua imekatika. Nilikuwa nimezoea kelele yake kwenye bati, ilipokoma nikasikia nyumba nzima: saa ya ukutani, Kibonge akigonga kijiko, Baba Chiriku akichanganya saruji kwa jirani.

Amemeza uji wote. Amekunja vidole vinne. Nikapitisha kitambaa chekundu kama kila siku, kulia, kushoto. Hakuna. Nikakiweka chini, nikainuka kwenda kuzima jiko.

Mama mkwe akaniita kwa sauti ya ajabu. "Simama hapo hapo. Usigeuke. Sasa rudi huku taratibu."

Nikarudi taratibu.

Macho yamefuata. Hayakufuata kitambaa. Yalinifuata mimi, kutoka jikoni mpaka kitandani, yakapotea kidogo njiani kwenye mwanga wa dirisha, yakanipata tena.

Nikainama mpaka pua zetu zikagusana. "Nipo hapa, mama," nikamwambia. "Nipo hapa."